NJIA YA MWONGO NI FUPI

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo wengine watalicheka wakiona kichwa chake tu: baiskeli na ramani ya simu. Najua wapo watakaosema kwamba makala ya jarida la shule yanafaa kuwa juu ya nidhamu, dawa za kulevya au uhifadhi wa misitu. Hayo ni mazuri na yameandikwa sana. Lakini sisi wa shule ya kutwa tuna jambo letu, nalo ni njia. Asubuhi tuko njiani, jioni tuko njiani. Wa bweni wanaamshwa na kengele, sisi tunaamshwa na umbali. Nisipoandika juu ya njia niandike juu ya nini?

Msimamo wangu nautoa mapema ili nisimchoshe mtu. Kifaa cha GPS, kiwe kile cha kufungwa kwenye usukani au kiwe ndani ya simu, kinajua mahali ulipo lakini hakijui njia ya kwetu. Mpanda baiskeli anayekiamini kuliko wenyeji atachoka bure, atachelewa, na siku nyingine atajitia hatarini. Hata hivyo dawa si kukitupa. Dawa ni sisi wenyewe kukifundisha. Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Walinena hivyo kabla ya simu kuzaliwa, lakini mimi nikiisikia methali hiyo naiona simu.

Kwanza nikitendee haki kifaa, maana si vizuri kumsema mtu ambaye hujui kazi yake. GPS ni mpango wa Serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1978, na kufikia mwaka wa 1995 mpango ulitangazwa kuwa umekamilika, setilaiti 24 zikiizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,000 hivi kutoka ardhini. Kila setilaiti ina saa yake sahihi mno, nayo hutangaza bila kukoma: sasa ni saa fulani, nami niko mahali fulani. Simu yako husikia tangazo hilo, ikapima limechukua muda gani kufika, ikajua umbali. Ikizisikia setilaiti nne au zaidi, inajua umesimama wapi. Hapo mwanzo Wamarekani walikuwa wakiuvuruga ujumbe huo makusudi ili raia wa kawaida wasipate usahihi wa kijeshi, na mtu aliweza kuonyeshwa mahali palipo mita 100 kutoka alipo. Mwezi wa Mei mwaka wa 2000 Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Siku hizi simu ya kawaida ikiwa mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi tu. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuzisikia setilaiti ni bure. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani.

Naam, hiyo ni kazi kubwa, na anayebeza abeze akiwa mbali nami. Ukitoka Nkubu kuelekea Meru mjini unavuka mstari wa ikweta. Miguu yako haitakuambia kitu. Simu itakuambia, kwa maana namba za mahali ulipo zitatoka kusini ziingie kaskazini. Wazee wetu waliishi juu ya mstari huo miaka na mikaka bila kujua kwamba upo. Kwa hivyo sisemi kwamba kifaa hakina maana. Nasema kwamba kujua ulipo si kujua njia. Hata mtoto aliyepotea anajua yuko wapi: yuko hapo aliposimama, analia.

Sasa hebu tutazame nchi yetu ilivyo. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, uko upande wa magharibi kwetu. Mito inashuka kutoka mlimani ikielekea mashariki, na mwisho wa safari yake ni mto Tana. Barabara kuu ya kutoka Embu kwenda Meru yenyewe inaelekea kaskazini. Maana yake ni nini? Maana yake barabara inaikata mito, haifuatani nayo. Unateremka hadi mto Ena, unapanda. Unateremka Thuci, unapanda. Halafu Nithi, halafu Mutonga, halafu Thingithu, mpaka unaingia Meru mjini penye Kathita. Na hiyo ndiyo barabara ya lami, ambayo wahandisi walijitahidi kuilainisha. Njia zetu za ndani, za kwenda shuleni, za kwenda kituo cha kupimia majani chai na za kwenda kiwanda cha kahawa, hakuna aliyezilainisha. Zinaanguka mtoni moja kwa moja na kupanda ng'ambo vivyo hivyo.

Kwa mwenye gari jambo hilo ni la kubadilisha gia tu. Kwa mwenye baiskeli ni mapaja. Ramani ya simu inakuchorea utepe mmoja wa buluu, umelala kama kamba kwenye meza, ikakuambia: kilomita 4, dakika kadhaa. Utepe huo una rangi ileile kwenye tambarare ya Mwea na kwenye bonde la Nithi. Haukuambii kwamba kati ya hizo kilomita 4, moja utashuka ukiwa umekwama kwenye breki na moja na nusu utapanda kwa miguu ukisukuma baiskeli kama unayesukuma ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani.

Wenzangu wa Jiografia mtaniunga mkono. Tunafundishwa kusoma ramani za 1:50,000, zile za karatasi, zenye mistari ya kontua. Mistari ikikaribiana ujue hapo ni mwinuko mkali, ikiachana ujue ni tambarare. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, hata yule anayesinzia, ukimpa kipande cha ramani hiyo atakuwekea kidole na kusema, "Hapa baiskeli itasukumwa." Ramani ya karatasi iliyochakaa inajua kilima, na simu ya maelfu ya shilingi inakinyamazia. Na hata hiyo GPS yenyewe, ukiiuliza urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, hukosea zaidi kuliko inavyokosea ukiiuliza mahali ulipo. Kwa hivyo jambo ambalo mpanda baiskeli wa Meru na Embu anahitaji kulijua kuliko yote ndilo ambalo kifaa hulijua kwa shida.

Wacha nitoe mfano wa nyumbani. Kaka yangu ana baiskeli nzito ya zamani, zile zinazoitwa Black Mamba, na anaitumia kusambaza mikate kwa maduka ya vijijini. Wakati mmoja alipata mteja mpya ng'ambo ya mto. Barabara ya kawaida ni kilomita 9. Simu ikamwonyesha ya kilomita 4, na yeye kwa kuwa asubuhi ilikuwa imesonga akaifuata. Njia ilianza vizuri, ikapita kati ya mashamba ya kahawa, ikawa nyembamba, ikawa ya mbuzi. Alipofika mtoni alikuta nguzo mbili na waya. Mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe akamwambia, "Kijana, hilo daraja lilienda na maji, zile mvua kubwa za 2024. Nani amekutuma huku?" Kaka akajibu kwamba ni simu. Mzee akacheka mpaka akaweka panga chini. Kisha akamwonyesha pa kuvukia, lakini si pa baiskeli yenye kreti za mikate. Ikabidi arudi kilima chote. Mikate ilifika saa 5, mwenye duka alikuwa ameshanunua kwa mwendeshaji bodaboda, na tangu hapo mteja yule ni wa bodaboda.

Utasema hiyo ni hasara ya mikate tu. Haya, tuiache mikate. Nina jambo jingine ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu, na wasichana wa kutwa watanielewa bila maelezo marefu. Simu haijui giza. Ukiiuliza njia ya kwenda nyumbani saa 12 jioni itakupa fupi, nayo fupi mara nyingi inapita katikati ya shamba kubwa au kando ya msitu, mahali ambapo ukipiga kelele atakayekusikia ni ndege. Sisi wenyeji tunajua. Mama zetu walituambia: jioni zunguka upite sokoni, hata kama ni mbali, kwa sababu sokoni kuna taa na kuna watu wanaokujua wewe ni mtoto wa nani. Msichana mgeni aliyehamia juzi hajaambiwa na mtu. Ana baiskeli, ana simu ya mzazi aliyoazimwa, na simu inamwambia geuka kushoto. Kushoto huko sisi hatupiti. Je, ni nani aliyemwambia? Hakuna. Sote tulidhani ameonyeshwa na ramani.

Upande wa karibu na Meru mjini kuna msitu wa Imenti, na humo mna ndovu. Mwenyeji hahitaji kuambiwa mara mbili. Lakini kwenye utepe wa buluu ndovu hachorwi, sawa na vile matope ya Aprili na Novemba hayachorwi. Barabara ya udongo mwekundu inayopitika vizuri Januari, mvua ikinyesha siku tatu inakuwa sabuni. Matope yanajaza nafasi ya kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo wewe ndiwe unayebeba baiskeli. Simu inaendelea tu kusema dakika zilezile.

Nimetaja Nithi, na sitaki nipapite kama utani. Tarehe 24 Julai mwaka wa 2022 basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia katika bonde hilo kutoka darajani, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi wetu tuna jamaa au jirani aliyeguswa. Ikiwa gari lenye injini na dereva wa leseni linaweza kushindwa na mteremko ule, itakuwaje kwa kijana mwenye baiskeli ya breki za vyuma, na gunia la viazi kwenye karia? Waendeshaji wa zamani wanajua. Wanashuka juu kabisa, wanaikagua breki, wanateremka kwa miguu wakiwa wameishika baiskeli. Maarifa hayo hayamo ndani ya simu yoyote. Yamo vichwani mwa watu, na watu wanazeeka.

Sisemi lolote juu ya kero ndogondogo, maana zikiandikwa zote jarida litajaa. Jua likiwaka kioo kinakuwa cheusi, huoni kitu. Mvua ikinyesha matone yanabonyeza kioo yenyewe, ramani inaruka mpaka Mombasa. Ukiifunga kwenye usukani, mawe ya murram yanaitingisha mpaka inaanguka. Chaji inaisha kabla ya safari. Ukiingia bondeni penye miti mirefu na kuta za udongo huku na huku, alama yako inarukaruka kama panzi kwa sababu anga inayoonekana ni kidogo. Na ile sauti! Simu ya mamangu inazungumza Kiingereza cha ng'ambo, na ikifika kwenye jina kama Kianjokoma au Kanyakine inalitafuna mpaka usijue ni mahali au ni dawa ya mifugo. Ukitafuta mto Thuci usipojua kwamba wengine wanaandika Thuchi, unaambiwa hakuna kitu kama hicho. Mto wenyewe unaendelea kunguruma pale nyuma yako.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, ambaye tumebishana naye tangu muhula wa kwanza, ana hoja mbili ambazo lazima nizijibu. Ya kwanza anasema wenyeji nao si wa kuaminika. Ukimwuliza mzee wa kwetu shule fulani iko wapi atakuelekeza kwa kidevu na kusema, "Ni hapo tu." Hapo tu yenyewe ni mwendo wa saa mbili. Hapa nakubali kabisa, na nimeteseka na hiyo "hapo tu" mara nyingi. Lakini angalia tofauti. Mzee ukimwuliza tena, "Na kwa baiskeli je? Na mto una daraja? Na mvua hii?" atafikiri, atabadilisha jibu, pengine atamwita mjukuu akusindikize mpaka njia panda. Simu ukiiuliza tena inakupa utepe uleule. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza vibaya kunakupa jibu baya, na sisi vijana tumesahau kuuliza maswali ya pili.

Hoja yake ya pili ni ya Chris Froome. Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na akashinda mashindano ya Tour de France mara nne, mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Rafiki yangu anasema bingwa huyo alijulikana kwa kuinamia kifaa chake kwenye usukani mpaka watu wakamcheka, sasa wewe wa baiskeli ya shule ni nani ukikatae? Namjibu hivi. Kifaa alichokiinamia kilikuwa kikimwambia nguvu za miguu yake, hakikuwa kikimtafutia njia. Njia ya mashindano yale hutengwa, hufungwa na kuwekwa mishale na watu walioipita kabla. Na kabla ya vifaa vyote hivyo, Froome akiwa kijana alifunzwa na Mkenya, David Kinjah, kwenye vilima vya Kikuyu, akimfuata nyuma kilima baada ya kilima. Alianza na mwalimu aliyeijua njia. Kifaa kilikuja baadaye.

Basi tufanye nini? Kulalamika ni rahisi, na jarida la mwaka jana lilijaa malalamiko. Mimi nina pendekezo.

Mwaka wa 2009 mtaa wa Kibera, pale Nairobi, ulikuwa kama mahali patupu katika ramani za umma, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu waliishi humo. Vijana wa mtaa wenyewe wakapewa vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyote, wakaandika visima, zahanati, shule na vyoo, wakaviweka kwenye OpenStreetMap. Hiyo ni ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiongeza na kuisahihisha. Kazi yao iliitwa Map Kibera. Mwaka wa 2015 kukawa na Ramani Huria kule Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walichora mitaa yao ili mafuriko yakija ijulikane maji yatapita wapi. Kifaa kilekile tunachokilaumu ndicho walichokitumia, lakini wao ndio waliokuwa wakisema na kifaa ndicho kilichokuwa kikisikiliza.

Nasi tunaweza. Simu ni marufuku shuleni, na sipendekezi sheria hiyo ivunjwe. Kalamu na daftari si marufuku. Kila mwanafunzi wa kutwa, mwenye baiskeli na asiye nayo, aandike njia yake ya kuja shuleni: anavuka mito mingapi na inaitwaje, daraja ni la gari, la miguu au la gogo, mahali gani baiskeli husukumwa, mahali gani pana matope wakati wa mvua, na mahali gani si salama jioni. Chama cha Jiografia kichore, kikitumia ramani ya kontua tuliyo nayo darasani. Sisi wa Chama cha Kiswahili tusimamie majina, tuwaulize wazee kila kijito na kila kilima kinaitwaje na kinaandikwaje, maana majina yasipoandikwa na wenyewe yataandikwa na wengine, tena vibaya. Kisha tumwombe mwalimu mmoja mwenye kompyuta atusaidie kuyaingiza madaraja na vivuko kwenye hiyo ramani ya wote. Nyumba zetu na majina yetu tusiyaweke, hayo hayamhusu mtu. Daraja likienda na maji, aliye karibu aseme, na lifutwe siku hiyohiyo.

Mwalimu mmoja niliyemweleza wazo hili aliniuliza itasaidia mtihani gani. Nilimjibu kwa heshima kwamba kusoma ramani kumo katika mtihani wa Jiografia na insha imo katika wa Kiswahili. Lakini ukweli ni kwamba mimi namfikiria zaidi yule msichana mgeni wa Januari, na yule atakayebeba mikate baada ya kaka yangu. Tukiwaachia utepe wa buluu peke yake tutakuwa tumewanyima ujirani.

Njia yangu nimekwisha kuiandika. Ni kilomita 6, mito 2, daraja 1 la mbao ambalo ubao wake wa tatu umeoza, mahali pa kusukuma 3, na kona moja ambayo baada ya saa 12 jioni sipiti. Daftari liko kwa katibu wa Chama, dawati la pili kutoka mlangoni, kidato cha tatu. Kurasa zilizobaki ni 94. Njoo na kalamu.